Josho Lililobaki Wazi

Usagara,
Jumapili, 12 Januari 2025

Binti yangu Modesta,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Muleba. Habari za tangu tuachane baada ya Noeli? Kile kifua kimepona? Uliondoka hapa unakohoa, na mama yako mdogo Selina hakutulia mpaka ulipopiga kusema umefika. Anasema unywe maji ya moto yenye tangawizi na uache kulala dirisha wazi. Sisi hatujambo. Mgongo wangu ni ule ule, Selina ni mzima, miche ya mpunga tumeshaihamishia jarubani na mvua inakwenda vizuri.

Utashangaa kupata bahasha. Simu yangu unaijua, haisikiki mpaka uiweke sauti kubwa, na ukiiweka sauti kubwa nyumba nzima inashiriki. Ulipopiga Jumatano kuniuliza habari za masomo, alikuwepo Selina na alikuwepo Kashindye, mwenyekiti wetu wa kamati ya josho la kuogeshea ng'ombe. Kashindye akacheka, akasema, "Luhende, mtoto wenu atasomea udaktari wa ng'ombe akiwa kitandani na kompyuta?" Nami nikacheka naye. Ulipokata simu nilijisikia vibaya. Ndiyo maana nimeona haya tuyaandike. Nimempa barua Ngosha, yule mwenye kibanda cha vifurushi hapa njia panda, aikabidhi basi la Bukoba.

Sasa nakuja kwenye lile uliloniuliza. Umesema una njia mbili za kusomea hiyo shahada ya pili ya afya ya mifugo. Ya kwanza ni kwenda Morogoro ukakae chuoni miaka miwili. Ya pili ni hii ya kusoma kidogo kidogo huku ukiendelea na kazi, halafu utafiti unakuja kuufanya hapa kwetu. Mimi niliishia darasa la saba na semina ya wiki mbili ya kuogesha ng'ombe, sina ujuzi wa kumshauri daktari. Lakini marehemu kaka yangu Paulo alikuacha mikononi mwangu ukiwa na miaka tisa, na ninayosema nayasema kama baba. Nenda Morogoro. Mtu akisoma aondoke, akae na wasomi wenzake, asome mchana kama watu. Kusoma usiku baada ya kazi kutakuchosha bure.

Na hilo la kufanyia utafiti kwenye josho letu liache. Majosho ni mengi Misungwi nzima, na huko Kagera pia yapo.

Mstari huo niliokata hapo juu usihangaike kuusoma. Kalamu iliteleza.

Selina anakusalimu. Uwe na rozari yako karibu.

Ni mimi baba yako mdogo,
Luhende Machibya

*

Muleba,
2 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mpe shikamoo yangu mama mdogo pia, mwambie kifua kimepona na dirisha sasa nalifunga. Barua yako ilinifikia baada ya siku kumi na mbili, ikinuka samaki. Nadhani Ngosha aliiweka kwenye kifurushi cha sato cha mtu. Huku tu wazima. Wiki iliyopita nilimzalisha ng'ombe aliyekaa na ndama amegeuka tumboni siku mbili, mama mwenye ng'ombe akanipa mkungu wa ndizi nikashindwa kuubeba. Ungeniona ungecheka.

Baba mdogo, nimekusikia, lakini naomba nikueleze vizuri, maana kwa simu nilikuwa naongea na Kashindye zaidi kuliko wewe.

Kwenda Morogoro ni kuacha kazi. Kituoni hapa tuko wawili tu, na mwajiri wangu amesema likizo ya masomo ya miaka miwili haiwezekani kwa sasa. Njia ya pili hainitoi kazini. Nasoma somo moja moja, kila moja wiki nane. Mafundisho yanaletwa kwenye kompyuta, nayapakua mchana mtandao ukiwa mzuri, jioni nasoma. Mara mbili kwa mwaka naenda chuoni wiki mbili kwa maabara na mitihani. Naweza kumaliza kwa miaka mitatu, nikizidiwa hata mitano. Waliosoma hivyo cheti chao ni kile kile. Na hakuna kitanda, mwambie baba Kashindye.

Faida kubwa ni kwamba utafiti naufanya ninapotaka mimi. Nimeshaandika andiko la utafiti, wamelipokea, na kichwa chake ulinipa wewe. Pasaka ya mwaka jana tulikaa uani, ukaniambia jinsi ndama wa kitongoji walivyokufa kwa ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe, msimu ule wa mvua kubwa, na dawa kwenye josho ilikuwa kamili, kwa hiyo kupe wa kwetu wamekuwa sugu. Maneno hayo nimeyaandika karibu kama ulivyoyasema. Dk. Jovinary, mwalimu atakayenisimamia, ameyapenda sana.

Anahitaji vitu viwili kutoka kwako kabla ya tarehe 15 Juni. Kimoja ni sahihi yako kama msimamizi wa josho, kwamba umekubali. Fomu iko ndani ya bahasha hii. Cha pili ni lile daftari lako la vipimo vya dawa, la kuanzia Novemba 2023 mpaka Machi 2024. Nikivikosa, nafasi anapewa mwingine.

Wale kupe niliowatoa kwenye masikio ya ng'ombe wako wakati wa Noeli niliwafikisha salama kwenye chupa yao.

Baba mdogo, msimu ule kila kitu kilikuwa sawa?

Binti yako,
Modesta

*

Usagara,
Jumapili, 16 Machi 2025

Binti yangu Modesta,

Nakusalimu katika siku hizi za Kwaresima. U mzima? Kazi inaendaje? Sisi Mungu anatusaidia. Selina alishikwa na malaria, akatumia dawa, sasa anafoka jikoni kama kawaida, ndiyo tunajua amepona. Mpunga umeanza kuchanua.

Nisamehe kuchelewa. Kwanza Selina aliumwa, pili ni mambo ya jumuiya ya kanisa, maana Kwaresima mwenyekiti wa jumuiya kama mimi hana siku yake mwenyewe. Na Ngosha alisafiri kwenda msibani Sengerema.

Kuhusu lile daftari, sijaliona. Tulihamisha vitu vya kibanda cha josho wakati paa linarudishwa, na mchwa wa huku unawajua. Nitatafuta. Fomu yako nimeiona, ipo ndani ya Biblia haijachafuka.

Bado naona bora Morogoro. Omba tena likizo kazini. Watu hubadilika wakiombwa vizuri. Na kama ni lazima ubaki hapo kazini, tafuta kichwa kingine cha utafiti, kuna homa za nguruwe, kuna mdondo wa kuku, kuku wanakufa kila kiangazi na hakuna anayeuliza. Kwa nini ung'ang'anie kupe?

Jana jumuiya ilisali kwa Getruda, mjane wa Mayala. Unamkumbuka, nyumba yake iko baada ya josho, alikuwa anakupa maziwa mgando ukitoka shule. Msimu ule alipoteza ndama sita kati ya saba, na baadaye mama zao wawili. Baada ya rozari alitugawia chai ya rangi, akasema, "Mnisamehe, siku hizi kwangu maziwa ni hadithi." Akina mama wakacheka naye. Mimi kikombe changu kilikaa mkononi mpaka kikapoa.

Basi sina mengi. Niombee.

Baba yako mdogo,
Luhende

*

Muleba,
27 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Heri ya Pasaka iliyopita. Natumaini mama mdogo amepata nguvu kabisa. Mimi nipo, kazi ni nyingi, nilisali Pasaka nikiwa na buti za mpira kwa kuwa nilitoka zizini moja kwa moja.

Nilisubiri bahasha yenye fomu. Haikuja. Nilipopiga simu Jumatatu ya Pasaka uliniuliza hali ya hewa ya Muleba mara tatu, halafu ukampa mama mdogo simu.

Sahihi ni kazi ya dakika moja. Nimekaa nikajiuliza nimekukosea nini. Nimefikiri labda unaona aibu mtoto wako asome masomo ambayo baba Kashindye anayacheka. Nimefikiri labda hutaki nije kuchungulia kazi yako mbele ya watu, mimi msichana niliyekuwa nakushikia ndoo ya dawa. Yote mawili yaniuma, lakini niambie ni lipi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu kupe sikioni mwa ng'ombe bila kumtisha. Nilisoma miaka mitano chuoni na hakuna mwalimu aliyenionyesha vizuri kuliko vile. Ndiyo maana nilitaka josho letu na si la mtu mwingine.

Zimebaki wiki saba. Kama jibu ni hapana, liandike hapana, na uandike kwa nini. Nitamwambia Dk. Jovinary ampe mwingine nafasi. Morogoro sitakwenda, hilo ujue. Mwaka huu nitakuwa sijasoma kokote.

Modesta

*

Usagara,
Jumapili, 25 Mei 2025

Binti yangu mpendwa Modesta,

Salamu. Natumaini hujambo. Hapa watu wote ni wazima, mpunga tumevuna na uko ndani. Leo habari za nyumbani naziishia hapo, maana nikiendelea nitamaliza karatasi tena bila kusema.

Si Kashindye, wala si kwa sababu wewe ni msichana. Kupe wa hapa hawajawa sugu. Ni mimi niliyesema uongo, na wewe umeujengea masomo yako.

Nakueleza ilivyokuwa. Novemba ile ya 2023 upepo uliezua paa la josho. Kabla hatujalirudisha zikaja zile mvua. Maji yaliingia kwenye tanki usiku na mchana, yakapanda mpaka yakapita alama nyekundu ukutani. Wewe unajua kazi hiyo kuliko mimi, lakini hata sisi wa semina tulifundishwa: maji yakizidi dawa imepungua nguvu, funga josho, peleka sampuli ikapimwe, ongeza dawa, ndipo ufungue. Stoo nilikuwa na madumu mawili tu. Niliyamimina yote mawili nikijua hayatoshi hata robo. Dawa nyingine ilikuwa haijaletwa.

Nilipaswa kufunga. Ningefunga, nisingekuwa na kosa lolote. Lakini mwezi mmoja kabla walikuja wageni kutoka kata nyingine kujifunza kwetu, na Kashindye akasimama akasema, "Huyu Luhende, josho hili miaka kumi na moja halijafungwa hata Alhamisi moja." Watu wakapiga makofi. Binti yangu, makofi yale niliyabeba mpaka nyumbani. Ikanishinda kutundika kufuli kwenye lile geti.

Nikafikiri wiki ijayo dawa itafika. Haikufika. Wiki ya pili vile vile. Kila Alhamisi asubuhi watu walileta ng'ombe wao, wengine kutoka mbali kwa matope, nami nasimama na fimbo yangu nawaingiza mmoja mmoja kwenye maji ambayo hayakuwa na kitu. Wanatoka wamelowa, wenye ng'ombe wanasema asante. Ilikwenda hivyo mpaka Machi dawa ilipofika. Kwenye daftari kila Alhamisi niliandika kipimo kizuri. Daftari halikuliwa na mchwa. Liko kwenye sanduku la nguo zangu za kanisani.

Kufikia Januari ndama wakaanza kuvimba tezi chini ya masikio, mapovu puani, siku nne amekufa. Katika kitongoji walikufa thelathini na mmoja, wale ninaowajua. Afisa mifugo akaja kuuliza. Hata sikufikiri. Mdomo ukasema, "Dawa ni kamili, kupe ndio wamekuwa sugu." Akaandika. Tangu hapo kila mtu aliyeniuliza nikamjibu hivyo, na wewe ulipokuja Pasaka nikakujibu hivyo hivyo, tena nikiwa nimeshasema mara nyingi kiasi kwamba hata sauti haikutetemeka.

Nilidhani hilo ndilo baya. Lipo la kuzidi. Ndama wa nne wa Getruda alipokufa, aliniita kama mwenyekiti wa jumuiya nikasali naye. Nikaenda. Tulipiga magoti zizini kwake, kwenye samadi. Akaniuliza, "Kaka Luhende, nimemkosea Mungu nini?" Nikamwambia haya ni mapenzi ya Mungu, tuyapokee. Nilimsingizia Mungu, Modesta, mbele ya mjane, nikiwa na ufunguo wa josho mfukoni.

Pasaka hii nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri nimesema uongo. Hakuuliza uongo gani, nami nilishukuru hakuuliza, nikatoka haraka. Kwa hiyo hata hilo naona sijaungama.

Nimekusukuma Morogoro ili uende mbali usije ukapima maji yangu. Nimekudharaulia masomo yako mazuri kwa kisingizio. Kashindye alicheka kwa kutojua, mimi nilicheka nikijua ninachokificha.

Fomu sikutia sahihi kwa sababu maneno yake yanasema josho limeendeshwa ipasavyo. Siwezi kuandika jina langu chini ya hayo. Fanya unavyoona. Ukitaka kumwambia mwalimu wako jina langu, mwambie. Ukitaka kutoniandikia tena nitaelewa, ila nitaumia.

Luhende

*

Muleba,
29 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo hajambo? Barua yako niliipata mwanzoni mwa mwezi na nimekaa nayo muda mrefu kuliko ulivyostahili. Leo naituma hii kwa basi la asubuhi. Dereva anasema sasa pale Busisi wanavuka darajani bila kusubiri kivuko, huenda ukaipata kesho jioni kama Ngosha hataiweka na samaki.

Nilikasirika. Nilitembea mpaka kule ziwani nikarudi, na bado nilikuwa na hasira. Nilimfikiria mama Getruda na maziwa mgando. Sitakuambia kwamba si kitu.

Lakini ninayo yangu, na nisipoyaandika nitakuwa nimekuacha peke yako mahali ambapo sote wawili tupo.

Wale kupe wa Noeli. Walikuwa kumi na wanane, majike walioshiba. Nilipofika hapa niliwachovya kwenye dawa ile ile ya josho, nikiwa nimeichanganya kwa kipimo sahihi, nikawaweka kwenye kisahani nikasubiri. Siku ya tatu walikuwa wamekufa kumi na sita. Wawili waliobaki hawakutaga hata yai moja. Kupe sugu hawafi hivyo. Nilijua tangu katikati ya Januari.

Na bado mwezi huo huo nilituma andiko lile. Nilijiambia kumi na wanane ni wachache, hawathibitishi kitu. Ukweli ni kwamba nafasi tulikuwa tunaigombea wengi, na kupe sugu ni jambo ambalo kila chuo kinataka kulisikia. Nikiandika kwamba sijui ndama walikufa kwa nini, nani angenichagua? Kwa hiyo nilipokuuliza kama msimu ule kila kitu kilikuwa sawa, nilikuwa nakutega. Nilitaka useme wewe ili mimi nisiseme. Halafu nikakuandikia barua ya Aprili kama mtu aliyeonewa. Naomba unisamehe kwa ile barua.

Nilimpigia Dk. Jovinary tarehe 13. Nilimweleza kuhusu kupe wangu, na kwamba msimamizi wa josho amekiri dawa ilikuwa hafifu. Jina sikulitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Modesta, ungekuja na hili mwaka wa pili ningekufukuza. Umekuja kabla ya kuanza." Nafasi ameishikilia mpaka mwisho wa Septemba, kwa sharti nilete andiko jipya. Akaongeza, "Kupe sugu wanao watu wengi. Huyo mzee wako aliyeacha geti wazi, hakuna aliyemwandika. Niletee hilo: kwa nini mtu anayejua dawa imepungua anashindwa kusema."

Basi hicho ndicho ninachoweza kusoma, nikibaki hapa kazini na kuja huko mara kwa mara. Ningehitaji daftari kama lilivyo, na ningehitaji kuingia kwenye nyumba zilizopoteza ndama, kuuliza. Majina yote yatafichwa, hata kitongoji. Hakuna atakayejua kwamba ni wewe.

Lakini siwezi kukaa kwa mama Getruda na kalamu, nikamuuliza ndama wake walikufaje, huku mimi najua na yeye hajui. Nilijaribu kujifikiria nimekaa pale, nimeshindwa. Ingebidi asikie kwanza kutoka kwako. Sikulazimishi, baba mdogo. Ukisema hapana nitalirudisha jambo lote kwa mwalimu, na sitakulaumu, maana mimi mwenyewe nimeongea na mtu mmoja tu kwa simu, na hata huyo nilimwahirisha siku nyingi.

Binti yako,
Modesta

*

Usagara,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Binti yangu Modesta,

Nakusalimu sana. Hujambo? Unalala? Ukisoma jioni kula kwanza, Selina amesisitiza. Yeye ni mzima. Mimi mgongo unauma kidogo, lakini nakwenda.

Barua yako nimekaa nayo miezi miwili na nusu. Niliisoma mara nyingi hapo pa kupe kumi na wanane. Nilikusamehe kabla sijafika mwisho wa mstari, na nakushukuru kuniambia, ila sikupenda kugundua kwamba nimekuambukiza.

Kwanza nilimwambia Selina. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza kusema, akanipakulia chakula, yeye akaenda kulia jikoni na chake. Siku tatu tuliongea mambo ya kuku tu. Siku ya nne akasema, "Nimefua shati lako jeupe. Ukienda kuwaambia watu, uwe msafi."

Hata hivyo ilichukua Alhamisi nyingi. Kila Alhamisi nilivaa lile shati, na kila Alhamisi nikarudi nalo bila kusema. Selina akalifua tena. Juzi Alhamisi, tarehe 11, nikasimama mbele ya geti kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia. Walikuwepo watu kama arobaini. Nikawaambia yote niliyokuandikia, kuanzia paa mpaka daftari. Nilisema vibaya, nikarudia rudia, lakini nilisema.

Kashindye ndiye wa kwanza kufungua mdomo. "Luhende, maneno haya si ungeniambia mimi kwanza, tukayapanga?" Nikamjibu kwamba ningemwambia tungeyapanga kweli. Mtu nyuma akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunawafua ng'ombe bila sabuni." Wengine wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba. Shimba, yule fundi wa majembe, hakucheka. Alipoteza ndama wanne. Alinijia mpaka karibu nikadhani atanipiga, na ningekubali. Akatema mate chini, akaondoka.

Getruda alikuwa pembeni na ng'ombe wake wawili. Alisubiri kelele zipungue. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ile ulipokuja kusali kwangu zizini, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

"Na Kwaresima hii, ulipokunywa chai yangu?"

"Na Kwaresima."

Akawageuza ng'ombe wake. Mmoja alikuwa amezoea kwenda mbele, akawa anakataa, ikabidi amvute kwa kamba muda mrefu mbele yetu sote. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua kama anataka kusaidiwa. Akaenda.

Ufunguo nimekabidhi kwa kamati. Uenyekiti wa jumuiya nimeuacha pia, hilo niliamua mwenyewe. Padri nimemwambia, safari hii kwa majina na tarehe. Siku ya kuogesha naruhusiwa kufagia samadi kwenye njia ya kuingilia, na nafagia. Kuna wanaonisalimu na kuna wanaopita. Leo kanisani Getruda alihama benchi. Sikutegemea vingine, lakini kuona ni tofauti na kutegemea.

Andiko lako liandike. Soma hivyo hivyo ulivyotaka, kidogo kidogo, ukiwa kazini. Niliyosema Januari juu ya masomo hayo yafute. Ndani ya bahasha hii kuna daftari, lote, sikurekebisha kitu. Fomu nimetia sahihi baada ya kufuta ule mstari unaosema ipasavyo, na pembeni nimeandika kwamba haikuwa ipasavyo. Kashindye naye ametia sahihi kwa niaba ya kamati. Kama mwalimu wako hataki fomu iliyofutwa, alete nyingine. Jina langu ukitaka lifiche, kwa ajili ya kanuni zenu. Hapa limeshajulikana.

Selina alikwenda kwa Getruda jana kumwambia utakuja kuuliza habari za ndama. Nilimkataza, akaenda. Walikaa sana. Aliporudi alisema Getruda amekubali, na amesema kwa maneno haya: "Modesta aje, nitamwambia kila kitu. Lakini asije na Luhende." Basi siku hiyo nitakupokea hapa njia panda, nitakubebea begi mpaka pale barabara inapokata kona kwenda kwake, halafu utakwenda na Selina. Mimi nitarudi.

Anataka kujua siku gani, ili asubuhi hiyo awazuie ng'ombe wake wasiende malishoni, uwaone. Wengine wenye ndama waliokufa nao wanauliza. Niandikie upesi uniambie tarehe.

Baba yako mdogo,
Luhende Machibya